Kimo, Urefu na Tuta: Istilahi za Kupanga Viti katika Chumba cha Runinga

1. Utangulizi

Makala haya yahusu maneno machache tu: yale yanayotumika pale mtu anapochagua viti na kuvipanga katika chumba cha kutazamia runinga nyumbani. Yamkini msomaji atauliza viti vina uzito gani hata vijadiliwe katika jarida la istilahi, ilhali sheria, tiba na uhandisi bado vina mahitaji makubwa. Jibu letu ni la namna mbili.

Kwanza, Kiswahili chenyewe hakijapata kudharau mahali pa kukaa. Baraza katika nyumba za pwani ni kikao cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba. Kutokana na kikao hicho, jina likahamia kwa watu wanaokutana hapo kuzungumza, na leo tuna Baraza la Mawaziri, na tuna Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Anayeongoza mkutano tunamwita mwenyekiti. Lugha iliyopata jina la serikali yake na la kiongozi wa mkutano wake kutokana na vitu vya kukalia haina budi kuwa na maneno ya hakika kuhusu vitu hivyo.

Pili, na hili ndilo kusudi la makala haya, istilahi haipimwi kwa uzuri wake katika orodha. Hupimwa inapofika mikononi mwa mtu anayeitumia kufanyia kazi. Seremala akisoma neno, hulipima, kisha hukata. Kosa la mfasiri huonekana siku hiyo hiyo, nalo huonekana katika mbao.

2. Yaliyotokea Mbulumbulu

Kata ya Mbulumbulu iko wilayani Karatu, mkoani Arusha, katika nyanda za juu za upande wa msitu wa Ngorongoro na ukingo wa Bonde la Ufa. Ni nchi ya ngano, mahindi na maharage. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ya nyumbani ni ya jamii ya Kikushi. Kwao Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi, kwa hiyo neno la Kiswahili lililoandikwa hupokewa kwa heshima kubwa, pengine kubwa kuliko linavyostahili.

Shemeji yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Kambi ya Simba, alikuwa na chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 kilichokuwa kikihifadhi mahindi. Alitaka kukigeuza kiwe chumba cha kutazamia runinga, ili watoto na majirani wapate kutazama taarifa ya habari, mpira na filamu bila kwenda kubanana katika vibanda vya senteni. Alipata maelezo ya lugha ya kigeni yanayoeleza jinsi ya kuchagua viti vya chumba kama hicho, akaniomba nimtafsirie. Nilifanya kazi hiyo kwa jioni moja, nikampelekea.

Nilipofika huko mwezi wa Julai nilikuta fundi amekwisha kutengeneza viti sita. Vitatu vilikuwa na kikalio kilichoinuka sentimita 55 kutoka sakafuni. Vitatu vya nyuma vilikuwa na kikalio kilichoinuka sentimita 85, mithili ya viti vya kaunta. Mama mzazi wa shemeji, ambaye umri wake umepita miaka 80, alipandishwa juu ya kimoja cha hivyo na wajukuu wawili. Miguu yake ilining'inia. Haikupita nusu saa akalalamika kwamba imekufa ganzi, akaomba ashushwe, akaenda kuketi juu ya kigoda karibu na mlango, mahali ambapo picha ya runinga ilionekana kwa upande tu. Chumba kilichotengenezwa kwa ajili yake kilikuwa kimemtoa nje.

Niliiomba ile karatasi nikaisoma upya. Nilikuwa nimeandika: "Urefu wa kiti uwe sentimita 55." Nilikusudia kipimo cha kutoka ukingo wa mbele wa kikalio hadi kwenye egemeo. Fundi alisoma "urefu" akaelewa kipimo cha kutoka chini kwenda juu. Tena nilikuwa nimeandika: "Viti vya safu ya nyuma viinuliwe kwa sentimita 30." Nilikusudia sakafu iinuliwe na viti viwekwe juu yake. Fundi aliinua viti vyenyewe kwa kurefusha miguu yake. 55 na 30 ni 85. Hesabu yake haikuwa na kosa. Lenye kosa lilikuwa neno langu.

Nilimwuliza kama hakuona kwamba viti hivyo ni virefu mno. Alijibu kwamba aliona tangu siku ya kwanza, ila alidhani watu wa lugha wana sababu yao. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

3. Urefu, kimo, kina na upana

Kivumishi -refu kina kazi nyingi katika Kiswahili. Twasema mtu mrefu, barabara ndefu, kisima kirefu na muda mrefu. Katika mifano hiyo minne, neno moja limetaja kipimo cha kwenda juu, cha kwenda mbele, cha kwenda chini na cha wakati. Katika mazungumzo hakuna hasara, kwa kuwa jambo linalozungumzwa huondoa utata. Lakini kiti kina vipimo vya kwenda juu, vya kwenda nyuma na vya kwenda ubavuni, vyote katika kitu kimoja kidogo, na hapo neno "urefu" haliwezi kujitegemea.

Lugha yetu haikukosa maneno ya kutenganisha vipimo hivi. Tuna kimo, tuna kina, tuna upana. Kilichokosekana ni desturi ya kuyatumia. Tunapendekeza yatumike kama ifuatavyo.

Kimo cha kikalio ni kipimo cha kutoka sakafuni hadi juu ya sehemu inayokaliwa. Kwa mtu mzima wa wastani, kimo cha sentimita 40 hadi 45 hufaa. Fundi anayetumia inchi ahesabu 16 hadi 18. Kanuni yake ni nyepesi: kimo kilingane na mguu wa mketi kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Kikizidi, nyayo haziguswi na sakafu, uzito wote hulalia mapaja, ukingo wa kiti hubana mishipa, na miguu hufa ganzi. Hayo ndiyo yaliyompata yule bibi. Mafundi waliochonga viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar walilitambua jambo hili, ndiyo maana viti hivyo aghalabu vina ubao wa kuwekea miguu.

Kina cha kikalio ni kipimo cha kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo. Kiti cha kawaida chatosha kuwa na kina cha sentimita 40 hadi 45. Kochi, ambalo mtu hukaa akijilaza kidogo, laweza kufika 50 hadi 55. Kina kikizidi, mtu mfupi hana budi kuchagua moja kati ya mawili: aache egemeo, au akunjue miguu mbele kama mtoto. Wapo wasemao kwamba kina ni cha bahari na visima tu. Hatukubaliani nao. Fundi wa Kambi ya Simba, nilipomwuliza yeye hukiitaje kipimo hicho, alisema ni "kwenda ndani". Kina ndicho kipimo cha kwenda ndani, kiwe cha maji au cha kiti.

Upana wa kikalio ni kipimo cha kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa benchi, ambalo hukaliwa na watu wengi, kipimo hiki ndicho watu wanachokiita urefu, na hapo neno hilo liachwe lilivyo, kwa kuwa hakuna anayelikosea.

Jambo moja kuhusu neno "kikalio". Baadhi ya watafsiri hulikwepa kwa sababu lakaribiana na makalio. Haya hiyo haina msingi. Ukiliacha, utalazimika kusema "kiti" kwa kitu chote na "kiti" tena kwa sehemu yake, na hapo ndipo mlango wa makosa unapofunguka.

4. Safu, mstari na foleni

Maneno haya matatu hutumiwa ovyo. Katika karatasi yangu nilikuwa nimeandika "mstari wa kwanza wa viti" mahali pamoja, na mahali pengine "mstari wa macho". Msomaji angejuaje kwamba mstari wa pili hauundwi kwa viti?

Tunapendekeza safu iwe ni viti au watu waliokaa ubavu kwa ubavu wakielekea upande mmoja. Walimu watakumbuka kwamba katika majedwali tunalazimika kusema safu wima na safu mlalo. Katika ukumbi hakuna haja hiyo, kwa kuwa safu ya viti daima ni mlalo. Foleni ni watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Neno mstari tuliachie mstari wa macho, yaani mstari ulionyooka kutoka jicho la mtazamaji hadi sehemu ya chini ya picha. Mstari huo ukikatizwa na kichwa cha aliye mbele, mtazamaji hapati picha nzima, hata kama kiti chake ni cha thamani kubwa.

5. Tuta

Sakafu iliyoinuliwa ili safu ya nyuma ione juu ya vichwa vya safu ya mbele haikuwa na jina tulilokubaliana. "Jukwaa" limezoeleka kuwa mahali pa wanaotazamwa, ijapokuwa katika viwanja vya mpira hutumika pia kwa watazamaji. "Daraja" lina maana nyingi kiasi cha kutisha: la mtoni, la ngazi, la cheo. "Ulingo" umekwisha kuchukuliwa na mabondia na wanasiasa.

Nilipokuwa nikimweleza fundi nilichokusudia, nikainua mkono juu ya sakafu kumwonyesha, alicheka akasema, "Kumbe ulitaka tuta!" Kwa mkulima, tuta ni udongo ulioinuliwa ili kilichopandwa juu yake kikae juu ya kilichopo chini. Neno hilo limekwisha kutoka shambani na kuingia barabarani, ambako kila dereva analijua. Halina kizuizi cha kuingia ukumbini.

Katika ukuzaji wa istilahi tumezoea kuanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mwema. Lakini katika hatua ya kwanza mara nyingi tunatafuta ndani ya kamusi tu, tukasahau kwamba Kiswahili kimo pia katika vinywa vya watu wanaokifanyia kazi.

6. Hesabu ya kuona

Ili istilahi hizi zisibaki hewani, na tuzitumie katika chumba kile kile. Runinga ya shemeji ni ya inchi 43. Kipimo hiki ni cha ulalo, yaani kutoka kona moja ya kioo hadi kona ya mkabala. Si upana wala kimo. Ni sawa na sentimita 109. Kwa kutazama filamu, umbali wa kufaa kati ya macho na kioo ni takriban mara 1.2 hadi 1.6 ya ulalo, yaani kati ya sentimita 130 na 175. Walio mbali zaidi bado wataona mpira na habari, ila maandishi madogo yatawapa taabu.

Tuseme safu tatu zimewekwa katika umbali wa sentimita 160, 230 na 300 kutoka kwenye kioo, na ukingo wa chini wa kioo uko katika kimo cha sentimita 90. Tuchukue kwamba macho ya mtu aliyeketi yako sentimita 75 juu ya kikalio, na utosi wake uko sentimita 12 juu ya macho.

Ikiwa safu zote ni za viti vya kimo cha sentimita 45, macho ya safu ya kwanza yatakuwa katika kimo cha 120 na utosi katika 132. Ili mstari wa macho wa safu ya pili upite juu ya utosi huo na kufika chini ya kioo, macho ya safu hiyo hayana budi kuwa katika kimo cha takriban 150, yaani tuta la sentimita 30. Safu ya tatu itahitaji tuta la zaidi ya sentimita 60. Hiyo ni kazi kubwa ya mawe, udongo na saruji katika chumba kidogo, tena ni hatari kwa mzee anayetoka nje usiku.

Sasa tubadili vitu vya kukalia. Safu ya kwanza ikae juu ya mkeka: macho yako katika 75, utosi katika 87, chini ya ukingo wa kioo, wala haimzuii yeyote. Safu ya pili ikae juu ya vigoda vya kimo cha sentimita 25: macho yako katika 100, utosi katika 112. Safu ya tatu ikae juu ya viti vya kimo cha 45: macho yako katika 120, na hesabu yataka 119. Safu zote tatu zinaona, wala hakuna tuta hata moja lililojengwa.

Msomaji ataona kwamba mpango huu si mgeni. Ndivyo familia nyingi zinavyoketi: watoto mkekani, vijana vigodani, wazee vitini. Tumezoea kuuhesabu kuwa ni adabu, nao ni adabu kweli; lakini pia ni hesabu ya macho iliyo sawa. Maelezo niliyoyatafsiri yaliandikwa kwa nyumba ambazo kila mtu hukalia kochi, na mimi nikayahamisha pamoja na makochi yake. Mfasiri hana budi kujiuliza kama kitu anachokitajia jina ndicho kitu ambacho msomaji wake anakihitaji.

Yako mambo mengine ya kuzingatia. Kwa kuwa ziada ni sentimita 1 tu, mtu mfupi apewe mto wa kukalia, na kila kiti kiwekwe mkabala wa nafasi iliyo kati ya vigoda viwili, si nyuma ya kigoda. Viti vinne vya upana wa sentimita 60 huchukua sentimita 240. Katika chumba cha upana wa mita 3.5 hubaki sentimita 110 za ujia upande wa mlango. Kiti cha mzee kiwe kando ya ujia huo, ili aweze kutoka bila kurukwa wala kuruka. Kioo kisielekezwe dirishani, kwa maana mwanga huakisiwa na kuifuta picha. Na kwa kuwa Julai ya Mbulumbulu ni ya baridi kali, chini ya mkeka patandikwe magunia au blanketi nzito, la sivyo watoto watahamia vitini na hesabu yote itaharibika.

7. Jina la chumba

Televisheni ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja hadi 1994. Kwa hiyo msamiati wa kutazama picha nyumbani bado ni mchanga. Watafsiri wengi huandika "ukumbi wa sinema wa nyumbani", jina refu linalojenga ukumbi mahali ambapo kuna chumba. "Sebule" ni ya wageni, iwe na runinga au isiwe nayo. Wananchi, kwa upande wao, mahali pa kutazamia kwa kiingilio wamepaita kibanda umiza. Hawakukitaja kioo wala mtambo. Wametaja yanayoupata mwili wa mtazamaji. Neno hilo ni la mtaani, wala hatulipendekezi kwa nyaraka za ofisi, lakini lafundisha kwamba watu hukipa kitu jina kwa jinsi kinavyowagusa. Kwa nyumbani, chumba cha runinga chatosha.

8. Mapendekezo

Tunawaomba watafsiri, walimu na maofisa wayajaribu maneno yafuatayo katika kazi zao:

kikalio: sehemu ya kiti inayokaliwa.
egemeo: sehemu ya kiti inayoegemewa kwa mgongo.
kimo cha kikalio: kipimo kutoka sakafuni hadi juu ya kikalio.
kina cha kikalio: kipimo kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo.
upana wa kikalio: kipimo kutoka ubavu hadi ubavu.
safu: viti vilivyo ubavu kwa ubavu vikielekea upande mmoja.
ujia: nafasi iliyoachwa ili watu wapite.
mstari wa macho: mstari kutoka jicho hadi sehemu ya chini ya picha.
ulalo: kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona ya mkabala.
tuta: sakafu iliyoinuliwa ili safu iliyo juu yake ione.
chumba cha runinga: chumba cha nyumbani kilichopangwa kwa ajili ya kutazamia.

Pamoja na orodha hiyo tunaongeza kanuni moja: kila istilahi ya kipimo itaje inakoanzia na inakoishia, na kabla ya kusanifiwa asomewe mtu atakayeitumia, kisha aombwe aonyeshe kwa mkono alichoelewa. Kama ningalifanya hivyo kwa fundi wa Kambi ya Simba, ningalijua kosa langu kabla ya msumeno.

9. Mwisho

Kwa bahati njema kosa lilikuwa la kuzidi, si la kupungua, maana mguu mrefu hukatika lakini mfupi hauungiki. Fundi alivishusha viti vyote sita hadi kimo cha sentimita 45 na kukipunguza kina kwa kusogeza egemeo. Vinne viliwekwa katika safu ya tatu, viwili vikapelekwa barazani. Gharama ya siku zake za kazi niliilipa mimi. Mabaki ya miguu yalitosha kutengenezea vigoda vitatu vya safu ya pili.

Jioni ile yule bibi aliketi kando ya ujia, nyayo zake zikiwa sakafuni, akatazama taarifa ya habari hadi mwisho. Ile karatasi nimeiandika upya, na nakala yake ya kwanza ninaihifadhi katika meza yangu ya kazi.